Ukuta wa Kliniki Ulimwambia Kabla Yangu

Mwanangu wa kwanza ana miaka 16. Hapa nitamwita Festo. Si jina lake. Kila nilichoandika amekisoma kabla yenu. Sehemu mbili aliniambia nizitoe, nikazitoa. Zilizobaki ameziridhia.

Naandika kwa ajili ya wazazi na walezi wenye mtoto anayeishi na VVU, yaani virusi vya UKIMWI, na anayemeza dawa kila jioni bila kuambiwa ni dawa ya nini. Mimi niliishi na uongo huo miaka tisa, na nusura unipokonye mtoto.

Sisi ni watu wa Njombe. Anayeufahamu mkoa wetu anajua viazi, mbao, chai na baridi ya Juni inayomfanya mtu alale na soksi. Analijua pia lile jingine tusilopenda kutajiwa. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, mkoa wetu ulikutwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Ungedhani mahali ambapo mtu mzima mmoja kati ya wanane anaishi na virusi, watu wangekuwa wameshazoea kulizungumza. Hatujazoea. Tumezoea kunong'ona.

Mimba ya Festo niliibeba mwishoni mwa 2008. Kliniki nilienda mapema, mimba ikiwa na miezi mitatu, nikapimwa, nikaambiwa sina. Mume wangu hakuja. Alikuwa kwenye biashara ya mbao, leo Mafinga kesho Dar es Salaam, na wakati ule mwanaume kukaa kwenye benchi la wajawazito ilionekana kama kuvaa khanga. Ile kadi niliitunza kama hati ya kiwanja. Kosa langu la kwanza liko hapo. Kipimo cha Januari kinaeleza habari za mpaka Januari, tena hata hizo si zote, maana virusi vinaweza kukaa wiki kadhaa mwilini kabla kipimo hakijavinasa. Sikurudia kupima, si karibu na kujifungua wala wakati wa kunyonyesha, na ni wakati nanyonyesha ndipo nilipoambukizwa. Mama akiambukizwa katikati ya kunyonyesha, virusi vinakuwa vingi mno kwa sababu ni vipya, dawa hatumii kwa sababu hajijui, na mtoto yuko kwenye titi usiku na mchana. Kwa hiyo mama, ukiambiwa huna, shukuru Mungu, kisha rudi upimwe tena. Na mwenzio naye apimwe.

Festo alianza vizuri. Kwenye kadi yake ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa ndani ya kijani. Alipokaribia mwaka mmoja na nusu mstari ukaanza kulala, kisha ukashuka kwenye kijivu. Mdomoni akawa na utando mweupe usiokwisha. Nimonia mara tatu ndani ya miezi saba. Mei 2011 daktari akaniuliza kwa upole kama tunaweza kupimwa wote wawili, mimi na mtoto. Nakumbuka alikuwa ameshika ile kadi, kidole chake kikiwa juu ya kijivu, na kabla hajapima kitu chochote mimi nilishajua.

Nesi aliyenipa majibu alinisihi jambo moja: "Dada, usiende kumwambia baba peke yako. Mlete hapa, tuwapime pamoja, tuwape majibu pamoja." Nilimwitikia. Usiku uleule nikamwambia mume wangu, tena kwa hasira, tena mbele ya mama yake. Alisema mimi ndiye niliyeleta, kwa kuwa karatasi ni yangu. Yeye hakupima. Baada ya wiki mbili aliondoka na lori la mbao na hakurudi. Sisemi kwamba nesi angemzuia asiondoke. Lakini anayepima kwanza ndiye anayeonekana mwenye kosa, na mkipewa majibu pamoja, mbele ya mtu aliyefunzwa kazi hiyo, hakuna wa kwanza. Ningekuwa narudi nyuma ningefunga mdomo siku tatu tu, nikamwita kwa kisingizio chochote.

Kwa mama mkwe nilikaa mwezi mmoja zaidi. Kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono. Hakuna aliyeniambia neno, uzi ulisema. Nilipomchukua mtoto nikarudi kwetu, mama yangu mzazi alinipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua chai niliyokuwa nimeiacha nusu akaimalizia kwenye kikombe changu. Hakuwahi kunipa ushauri nasaha mwingine zaidi ya huo, na mimi sijawahi kupata uliouzidi.

Dawa tulianza wote wawili. Zilikuwa za bure, kama zilivyo mpaka leo, ila kuzifuata si bure. Sikutaka kuonekana Njombe mjini, kwa hiyo nilikuwa napanda gari mpaka Makambako. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mtoto na siku nzima ya shamba iliyopotea vilikuwa vinakula pesa ya viazi niliyopaswa kununulia mbolea. Miaka miwili nimefanya hivyo. Siku moja nimekaa kwenye benchi kule Makambako, nainua macho, jirani yangu wa nyumba ya tatu anaingia na kadi mkononi. Naye alikuwa amekimbia macho ya Njombe. Tulitazamana kwa muda, kisha akasema, "Kamwene," nami nikaitikia. Tukarudi gari moja. Tangu siku hiyo tulikuwa tunachukuliana zamu ya kubebeana watoto. Mwaka uliofuata wote wawili tulihamisha mafaili yetu kurudi nyumbani.

Sasa niseme habari ya Festo na dawa zake.

Alipokuwa na miaka mitatu hivi aliuliza, "Mama, hii ya nini?" Nikamjibu: ya kifua. Ilikuwa rahisi, kwani alikuwa anaumwa kifua kweli. Kila baada ya kliniki nilikuwa naloweka makopo kwenye beseni la maji ya moto, nakwangua lebo kwa kisu mpaka kopo linabaki jeupe, kisha natia pamba juu ya vidonge ili visigonge nikitembea nalo kwenye mkoba. Wengi wetu tunafanya hivyo, mtanielewa. Nilidhani namlinda. Mtoto alikuwa anasimama mlangoni ananitazama nakwangua.

Nilipata mume mwingine. Huyu nilimwambia kabla hajaja kujitambulisha nyumbani, tukapima pamoja. Yeye hana mpaka leo, na mimi kwa miaka sasa kipimo hakioni virusi kwenye damu yangu. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hili lilichukua muda kuniingia kichwani kuliko lilivyomwingia yeye. Mwaka 2017 tukapata binti. Safari hii nilikuwa kwenye dawa tangu kabla ya mimba, nikajifungulia hospitali, mtoto akapewa dawa ya maji ya kumkinga kwa wiki sita, akachomwa kisigino damu ikakusanywa kwenye karatasi, na vipimo vyote mpaka nilipomwachisha ziwa vikasema hana.

Festo wakati huo ana miaka minane. Aliona mdogo wake anapewa dawa ya maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Aliuliza, nikajibu nilichozoea: ya kifua. Wiki sita zikaisha, dawa ikaisha. Akaniuliza, "Huyu kifua chake kimepona. Changu kitapona lini?" Nilimwambia aende akafunge mbuzi.

Ningekuwa mama mwenye masikio ningelisikia swali hilo.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Kipimo chake cha wingi wa virusi cha mwezi uliotangulia kilikuwa kimetoka na nakala zaidi ya elfu arobaini kwa mililita, wakati ukizidi elfu moja tu ni tatizo. Nilikuwa nimeapa mbele ya nesi kwamba mtoto anameza kila siku. Nilikuwa nampa mkononi kwa mkono wangu mwenyewe! Asubuhi moja mvua inanyesha, nikachukua buti la mpira la zamani lililokaa stoo, niende kupalilia viazi. Nikaingiza mguu, nikasikia kitu kinasagika chini ya kisigino. Niligeuza buti. Vidonge vilimwagika sakafuni, vingine vimevimba kwa unyevu na kushikana, vingine vimeota ukungu. Nilivihesabu nikiwa nimepiga magoti: themanini na saba.

Nilimpiga. Nasema kwa kuwa ni kweli, na kwa sababu najua mzazi mwingine ataingiza mguu wake kwenye buti la namna hiyo. Nilimpiga, nikammezesha kidonge huku nikimshika taya, na siku nne zilizofuata nilimfungulia mdomo kama ng'ombe anayekaguliwa meno. Siku ya tano alitapika kabla hata sijamkaribia.

Kliniki walimpangia ushauri nasaha wa kina, vikao vitatu, kila baada ya mwezi, kisha kipimo kirudiwe. Kikao cha kwanza mnasihi aliniomba nitoke nje. Niliumia, mimi ndiye mama, kwa nini nitoke? Mnasihi akaniuliza, "Mama Festo, ameshaambiwa?" Nikasema bado, ni mdogo, anajua ni ya kifua. Akanitazama kidogo, akafunga mlango.

Walichozungumza nilikuja kuambiwa baadaye, kwa ruhusa ya Festo. Aliulizwa anadhani dawa zile ni za nini. Akajibu, "Za UKIMWI. Imeandikwa ukutani." Ni hivi: alipojua kusoma, darasa la pili, tulikuwa tunakaa kwenye benchi lilelile kila mara, na mbele ya benchi lile kuna mabango. Mimi nilikuwa nimeshazoea, siyaoni tena. Yeye alikuwa na saa tatu za kusoma kila kliniki. Shuleni alisikia wenzake wakisema fulani ana ngoma, fulani amekanyaga waya, na kwamba mwenye ngoma anakufa. Kwa miaka mitatu mtoto alijua. Na alimwomba mnasihi, "Usimwambie mama kwamba najua. Atalia."

Vidonge aliviacha kwa nini? Kwa sababu alikuwa amefikiri hivi: kama ni kitu cha kukwangua kwa kisu na kuficha chini ya pamba, basi ni kitu kibaya mno, na mtu asiyekimeza huenda akawa si mmoja wao. Hakuna aliyemfundisha. Alijifundisha kwenye beseni langu.

Mnasihi alinisaidia kwa namna ambayo ningependa kila kliniki iwe nayo. Kabla ya kumwambia mtoto, aliniandaa mimi. Nilikaa naye mara mbili peke yangu, nikalia kilio changu chote pale, ili nyumbani mtoto asilazimike kunibembeleza. Alinifanyisha mazoezi ya maswali: atauliza nani alinipa, atauliza nitakufa lini, atauliza baba yuko wapi. Alinieleza kwamba mtoto anaweza kuanza kupewa ukweli kidogokidogo tangu miaka minne au mitano, bila jina la ugonjwa: kuna askari ndani ya mwili wako, kuna vijidudu vinavyowasumbua, dawa inavilaza usingizi, ukiruka siku vinaamka. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata neno moja utakalokuja kulifuta. Jina lenyewe alijue kabla hajavuka miaka kumi na miwili, kabla ukuta au wenzake hawajamwambia. Ukisema kifua, siku ya ukweli utakuwa na kazi mbili: kumweleza ugonjwa, na kumweleza kwa nini ulimdanganya. Kwangu hiyo ya pili ilikuwa nzito zaidi.

Tulizungumza jikoni, jioni ya Juni, mvuke unatoka mdomoni ukiongea. Tulikuwa tunamenya viazi, kazi ambayo inaruhusu watu wasitazamane. Nikasema, "Baba, zile dawa si za kifua. Nilikudanganya. Mimi na wewe tuna virusi vya UKIMWI." Hakuacha kumenya. Akasema, "Najua." Nikamwambia nami najua kwamba anajua, na nikamwomba msamaha kwa ule uongo na kwa kumpiga.

Kisha akauliza. "Ulinipa wewe?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mara kumi na bado lilinikata. Nikamwambia ndiyo, vilitoka kwangu, kwenye maziwa, na sikujua. "Na wewe nani alikupa?" Hapa ulimi ulikuwa tayari kumtaja baba yake kwa maneno ambayo nimeyahifadhi tangu 2011. Mnasihi alikuwa ameshanionya: mtoto ana virusi tayari, usimrithishe na kinyongo. Nikasema nilivipata nikiwa mtu mzima, tukiwa wawili ambao hatukuwahi kupima pamoja. Akanyamaza. Alimenya kiazi kizima. Halafu likaja swali ambalo sikufundishwa:

"Mbona mdogo wangu hana?"

Nilikaa muda. Mwishowe nikamwambia kama ilivyo. Kwamba wewe ulipougua ndipo nilipopima. Nilipopima ndipo nilipoanza dawa. Nilipozaa tena dawa zilikuwa zimeshavilaza virusi vyangu, havikumfikia. Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo ni kwa sababu yangu?" Nikasema ndiyo, ingawa haikuwa kazi yako kumkinga, ilikuwa yangu kuwakinga wote wawili. Akarudi kwenye viazi. Siku iliyofuata nilimwona amembeba mdogo wake mgongoni kuzunguka nyumba, mvua inanyesha, mpaka nikawaita ndani.

Msidhani yaliisha jioni ile. Alikasirika wiki mbili baadaye, na alikasirika tena alipoanza kuota ndevu. Maswali huja vipandevipande, mengine ukiwa sokoni. Kilichosaidia zaidi ni mambo madogo. Tukaanza kumeza pamoja, saa mbili usiku, mimi changu yeye chake, kwa jagi moja la maji. Kabla ya hapo nilikuwa nameza yangu kwa kujificha. Nikampeleka klabu ya vijana ya kliniki, Jumamosi moja kila mwezi, akakuta watoto thelathini, wengine anawafahamu, mmoja anakaa naye dawati moja. Na tuliandika pamoja majina ya watu wanaojua: bibi, baba mdogo, mume wangu, mnasihi. Nikamwambia hii ni siri yako kama mtu anavyokuwa na siri ya pesa zake, si aibu. Anayeamua nani aongezwe kwenye majina yale ni wewe. Kipimo cha mwisho wa mwaka kilirudi kikiwa chini ya nakala hamsini.

Mwaka 2023 alipochaguliwa kwenda shule ya bweni, tulijadiliana nani aambiwe. Alichagua matroni peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inakataza mtu kutangaza hali ya mwenzake na inakataza kumbagua, na nililitaja hilo kwa heshima mbele ya matroni ili tuelewane mapema. Dawa huchukua za miezi mingi kwa pamoja, nyingine tunabaki nazo nyumbani kama akiba. Akiba hiyo ilinipa usingizi Januari 2025, fedha za misaada ya Marekani ziliposimamishwa na kila mtu kwenye benchi akawa anauliza kama dawa zitakuwepo. Zilikuwepo. Mnasihi wetu, aliyekuwa analipwa na mradi, ndiye ambaye hatukumkuta tena. Festo aliuliza nani atakaa na wale wadogo wa Jumamosi. Likizo ile alikwenda mwenyewe kukaa nao.

Likizo iliyopita ameniuliza lini mtu anapaswa kumwambia msichana. Nikamwambia kabla hamjalala pamoja, na baada ya kuona anatunza siri ndogo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika. Kwenye meza palikuwa na kopo lake jipya, na lebo yake yote, jina la dawa linasomeka, limekaa kando ya chumvi. Mlangoni mtu akabisha hodi, mama mdogo wangu kaja na parachichi. Mkono wangu ulikwenda kwenye kopo wenyewe.

"Liache, mama," akasema, akaenda kufungua mlango.